Elisabeth yupi? Maisha ya malkia aliyeachia muji wetu jina



Wazee wa Lubumbashi wangali wanataja Elisabethville kila mara wanapokumbuka ujana wao. Lakini ukiuliza watoto pale nyumbani ni Elisabeth yupi aliyeachia muji jina hilo, utapata majibu matatu. Mumoja atasema ni malkia wa Uingereza, yule aliyekufa mwaka 2022. Wa pili, aliyeangalia filimu, atasema ni Sissi. Wa tatu atataja binti ya mufalme wa sasa wa Ubelgiji. Wote watatu wamekosa, na tarehe peke yake inatosha kuwaonyesha. Yule wa Uingereza alizaliwa mwaka 1926, na wakati ule muji wetu ulikuwa na miaka 16. Sissi alikufa mwaka 1898, miaka 12 mbele ya muji kuanza. Binti wa Ubelgiji alizaliwa mwaka 2001, na muji ulikuwa umekwisha kuacha jina la Elisabeth tangu miaka 35.

Basi leo tunataka kueleza maisha ya yule wa kweli. Lakini kwanza tumutoe katikati ya wenzake wa jina, sababu wako wengi, na karibu wote ni mabinti wa jamaa za kifalme za Ujerumani.

Mufanyakazi wa mine anajua shida hii kupita mutu mwingine. Kwenye liste ya kazi, akina Ilunga ni wengi, akina Kasongo ni wengi, akina Mwamba hatuhesabu. Hakuna anayelipwa kwa jina tu. Wanaangalia matricule, jina la baba, mahali pa kuzaliwa, tarehe. Na pale karatasi inapokosa, njo machozi yanaanza. Sisi wenyewe tulimuona mujane mumoja akitembea na dossier miezi na miezi, buro hii na buro ile, sababu tarehe ya kuzaliwa ya bwana yake iliandikwa ile ya mufanyakazi mwingine wa jina moja naye. Marehemu alifanya kazi miaka yake yote, lakini kwenye karatasi alikuwa mutu mwingine.

Jamaa za kifalme za Ujerumani ziko vile vile. Mutoto alipewa jina la nyanya, la shangazi, la mama wa ubatizo, kisha mengine matatu ao ine juu yake. Ndani ya nyumba moja utakuta Sophie watatu, Marie watano. Tena, mwanamuke akiolewa, cheo kinageuka pamoja na inchi. Kwa hiyo, wanaosoma vitabu vya vizazi vyao wanauliza maulizo matano: baba ni nani, mama ni nani, alizaliwa lini na wapi, aliolewa na nani, alikufa lini. Ukikosa majibu ya haya, usiseme bado kama unamujua mutu huyo.

Tumuulizie Elisabeth wetu.

Alizaliwa tarehe 25 mwezi wa 7 mwaka 1876 katika ngome ya Possenhofen, kando ya ziwa la Starnberg, Bavière, upande wa kusini wa Ujerumani. Majina yake ni Elisabeth Gabriele Valerie Marie. Baba yake ni duki Karl Theodor, ambaye vitabu vya Kifaransa vinamuita Charles-Théodore. Mama yake ni Maria Josepha, binti wa jamaa ya wafalme wa Ureno. Jina Elisabeth lilikuwa la shangazi yake, dada ya baba yake mwenyewe: huyo njo Sissi, bibi ya mufalme mukubwa wa Austria.

Hapa njo wengi wanateleza. Shangazi na mutoto wa kaka yake, wote wawili ni Elisabeth. Wote wawili kwa kuzaliwa wanaitwa duchesse en Bavière. Na ngome ya Possenhofen, moja alizaliwa ndani yake, mwingine alikomalia ndani yake. Ukikuta kwenye kitabu jina, cheo na ngome tu, huwezi kuwatenga. Ulizo la baba njo linafungua mulango: baba ya Sissi ni Maximilian, baba ya malkia wetu ni Karl Theodor, na Karl Theodor ni mutoto wa Maximilian. Tarehe inakaza musumari: Sissi alizaliwa mwaka 1837, karibu miaka 39 mbele ya mwingine.

Muangalie tena lile neno dogo, en. Ninyi munaosoma Kifaransa, musipite juu yake mbio. Katika Bavière kulikuwa matawi mawili ya jamaa moja. Tawi la wafalme wanaandikwa de Bavière. Tawi la pembeni, lililopewa cheo chake mwaka 1799, wanaandikwa en Bavière. Malkia wetu ni wa en. Kwa hiyo, akiandikwa Elisabeth, princesse de Bavière kwa kuzaliwa, ujue kuna mashaka. Iko mwingine wa jina lile, Elisabeth Marie, aliyezaliwa mwaka 1874, miaka miwili tu mbele ya wetu. Baba yake ni prince Leopold wa Bavière, mama yake ni Gisela, mutoto wa Sissi. Yule aliolewa mwaka 1893 na Otto von Seefried, mutu ambaye hakuwa wa jamaa ya kifalme. Hakuona kiti cha malkia hata siku moja.

Tena iko Elisabeth Ludovika, wa tawi la de, aliyezaliwa mwaka 1801 akawa malkia wa Prusse. Iko Elisabeth wa Wied, malkia wa Romania, aliyeandika vitabu kwa jina la Carmen Sylva, akafa mwaka 1916. Na iko Elisabeth wa Hesse, aliyezaliwa Darmstadt mwaka 1864 na kuolewa Urusi. Huyu tunamutaja kwa heshima mbele ya watu wa mine: bwana yake aliuawa kwa bomu mwaka 1905, yeye akawa mutawa, akatumikia wagonjwa na masikini wa Moscow. Mwaka 1918 wanamapinduzi walimutupa akiwa muzima ndani ya shimo la mine ya chuma iliyoachwa, karibu na muji wa Alapaevsk. Kanisa la Urusi linamuhesabu kama mutakatifu.

Sasa turudi kwa wetu, tusimupoteze tena.

Baba yake alikuwa duki, lakini alisoma kazi ya uganga, akawa munganga wa macho. Mwaka 1895 alifungua lopitali ya macho kule Munich, ambayo ingali na jina lake. Alipasua wagonjwa kwa mikono yake, na masikini hawakulipa. Binti wake alikomalia karibu na vitanda vya wagonjwa, akamusaidia baba kazini. Pia alijifunza violon, na hakuiacha mupaka uzee. Ukitaka kumujua Elisabeth huyu, kumbuka vitu hivi viwili: lopitali na violon.

Tarehe 2 mwezi wa 10 mwaka 1900, kule Munich, aliolewa na prince Albert wa Ubelgiji. Walizaa watoto watatu, na hapa tena majina yanazunguka: Léopold mwaka 1901, Charles-Théodore mwaka 1903, mwenye jina la babu yake munganga, na Marie-José mwaka 1906, mwenye jina la nyanya wa Ureno.

Baba yake mukubwa Albert alikuwa Léopold wa Pili, yule ambaye wazee wetu walilipa utajiri wake kwa mupira na kwa damu. Léopold alikufa tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka 1909. Tarehe 23 Albert akawa mufalme, Elisabeth akawa malkia. Baba yake munganga hakuona siku hiyo, alikuwa amekufa mwezi wa 11.

Mwaka uliofuata, 1910, reli iliyotoka kusini ilifika huku kwetu, na Émile Wangermée akapanga muji mupya karibu na mine ya Étoile. Waliupa jina la malkia: Elisabethville. Mwaka 1911 fabriki ikamwaga shaba yake ya kwanza. Malkia hakuwa amekanyaga bado udongo huu, na wenyeji wa hapa hawakuulizwa. Jina lilitoka juu, likaandikwa kwenye kibao cha gare, likaingia kwenye karatasi za kila mutoto aliyezaliwa hapa.

Kisha vita. Mwezi wa 8 mwaka 1914 jeshi la Ujerumani liliingia Ubelgiji. Fikirini hali ya mwanamuke huyu: inchi aliyozaliwa inavunja inchi alikoolewa. Alichagua inchi ya bwana yake na ya watoto wake. Mufalme alibaki na askari wake kwenye muto Yser, katika kipande kidogo cha inchi kilichobaki, na malkia akabaki naye kule La Panne, kando ya bahari. Pale munganga Antoine Depage aliongoza lopitali kubwa ya majeruhi, na malkia alitembea kati ya vitanda. Mambo ya baba yake yalimurudilia mikononi.

Ng'ambo ya vita, mumoja wa wakubwa wa jeshi la Ujerumani alikuwa Rupprecht, mutoto wa mufalme wa Bavière. Huyo Rupprecht alikuwa shemeki yake. Alimuoa mudogo wake, Marie Gabrielle, aliyezaliwa mwaka 1878. Na hapa tunaomba musomaji asimame kidogo. Malkia ni Elisabeth Gabriele Valerie Marie. Mudogo wake ni Marie Gabrielle. Baba moja, mama moja, majina mawili yanafanana. Mudogo alizaliwa en Bavière, lakini kwa ndoa aliingia tawi la de Bavière. Mutu anayesoma mbio anaweza kuandika kama malkia wa Ubelgiji ni bibi ya mukubwa wa jeshi la adui. Wakati wa vita, kosa la namna hiyo si mchezo, linaua heshima ya mutu. Jibu liko kwenye ulizo la tano: Marie Gabrielle alikufa mwaka 1912, miaka miwili mbele ya vita. Wakati mizinga inalia Yser, Rupprecht alikuwa mwanaume aliyefiwa na bibi, na malkia alikuwa dada anayemulilia mudogo wake.

Nyuma ya vita, malkia alirudia mambo aliyopenda. Mwezi wa 2 mwaka 1923 alikuwa Misri wakati chumba cha kaburi la Tutankhamun kilipofunguliwa rasmi, na mwaka huo huo watu wa Bruxelles walianzisha nyumba ya masomo ya Misri ya zamani yenye jina lake. Mwaka 1928 yeye na bwana yake walitembelea Congo, wakafika mupaka Katanga, katika muji wenye jina lake. Mwaka 1930 alisimamisha mufuko wa dawa kwa wenyeji, ule walioita FOREAMI, ambao ulianzia kazi yake Bas-Congo. Wazee wa kule waliotibiwa hawakusahau.

Lakini tuseme yote, tusipake sukari. Muji ulikuwa na jina la malkia munganga, ila sheria ya muji haikuwa sheria ya lopitali. Mwezi wa 12 mwaka 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma Elisabethville juu ya mushahara, na askari wakawafyatulia risasi. Watu wengi walikufa. Malkia wakati ule alikuwa Ubelgiji, chini ya Wajerumani, na hatumubebeshi amri ambayo hakuitoa. Tunasema tu kama jina kwenye kibao cha muji halionyeshi roho ya muji, sawa vile jina kwenye karatasi halionyeshi mutu peke yake.

Mateso yalikuwa yamekwisha kuingia katika nyumba yake mwenyewe. Tarehe 17 mwezi wa 2 mwaka 1934 Albert alianguka toka kwenye mawe ya Marche-les-Dames, alipokuwa akipanda, akafa. Mwaka 1935 Astrid, muke wa mutoto wake Léopold, akafa katika aksida ya gari kule Uswisi. Wajukuu watatu wakabaki bila mama.

Sasa jambo moja ambalo kila mutu wa mine ya Katanga anapaswa kulijua. Malkia alikuwa rafiki wa Albert Einstein, mwenye elimu mukubwa wa Ujerumani, na walipiga violon pamoja. Mwaka 1939 Einstein alikuwa amekimbilia Marekani. Mwezi wa 7 wenzake wawili, Szilard na Wigner, walimufikia kwa hofu: Ujerumani ya Hitler ingeweza kutengeneza bomu la uranium, na uranium nzuri kupita yote ilitoka Congo, ni kusema Shinkolobwe. Wazo lao la kwanza lilikuwa Einstein aandikie rafiki yake, malkia Elisabeth wa Ubelgiji. Kisha walibadilisha njia, na barua ya mwezi wa 8 ikaenda kwa Roosevelt, rais wa Marekani. Ndani yake Congo imetajwa. Na malkia aliyefikiriwa hakuwa Astrid, sababu Astrid alikuwa amekwisha kufa tangu miaka 4. Alikuwa mama mukwe wake, Elisabeth. Sehemu kubwa ya uranium ya bomu la Hiroshima ilitoka ndani ya udongo wetu, ikachimbwa na baba zetu ambao hakuna aliyewaambia ni kitu gani wanachobeba.

Wakati Wajerumani walikalia Ubelgiji mara ya pili, malkia alikuwa na miaka zaidi ya 60. Lugha ya Kijerumani aliyonyonya kwa mama aliitumia kuwaombea Wayahudi waliokuwa wanakamatwa na kupelekwa kufa. Kwa sababu hiyo, mwaka 1965 inchi ya Israeli ilimuandika kati ya Wenye Haki wa Mataifa.

Uzeeni alisafiri kupita vijana. Mwaka 1958 alikwenda Moscow, mwaka 1961 akafika China, wakati wakubwa wa Magharibi hawakupenda kusikia inchi hizo. Watu wakamupa jina la Malkia Mwekundu. Na hapa, ndugu zetu, muwe macho mara ya mwisho. Iko Elisabeth mwingine aliyeitwa Mwekundu: archiduchesse Elisabeth Marie wa Austria, aliyezaliwa mwaka 1883 na kufa mwaka 1963, aliyeolewa mara ya pili na mutu wa chama cha wafanyakazi. Yule ni mujukuu wa Sissi kwa baba, na mujukuu wa Léopold wa Pili kwa mama. Elisabeth wawili, wote wekundu, wote wamefungana na Sissi na Ubelgiji. Uliza baba: wa Austria ni binti ya Rudolf, wetu ni binti ya Karl Theodor munganga. Kwisha.

Mashindano makubwa ya muziki ya Bruxelles, yaliyoanza mwaka 1937 kwa jina la Ysaÿe, tangu mwaka 1951 yanaitwa kwa jina la malkia Elisabeth. Yeye mwenyewe alikufa Bruxelles tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka 1965, akiwa na miaka 89, akazikwa Laeken karibu na bwana yake. Mwaka uliofuata, 1966, Elisabethville ikaacha jina lake ikaitwa Lubumbashi, jina la muto wetu. Mutu na jina vikaondoka karibu pamoja.

Wasomaji wetu, jamaa za wafalme wana waandishi wanaolinda vitabu vya vizazi vyao, na hata hivyo watu wanawachanganya. Sisi hatuna waandishi hao. Tuna kaye ya mutoto wa masomo na bic. Basi leo mangaribi, mukae na baba, mukae na mama, muandike yale maulizo matano juu ya kila mutu wa nyumba: baba, mama, siku na mahali pa kuzaliwa, ndoa, na kwa wale waliokwenda, siku ya kufa. Kwa mufanyakazi muongeze matricule. Kisha mulinganishe na karatasi za kazi, herufi kwa herufi. Ukikuta kosa, lirekebishe wakati mwenye jina angali muzima na anaweza kujisemea. Siku atakapokuwa hayupo, ile kaye njo itasema kwa kinywa chake.